Fundi bomba aliyetufungia hita Mikanjuni, mwaka mmoja baadae

Nilisubiri mwaka mzima ndo niandike hii kitu maana kazi ya bomba huwezi kuisifia siku ileile fundi anafunga begi lake, siku ile kila koki inang'aa na maji yanatoka, subiri kwanza masika yapite, subiri maji yakatike siku mbili yarudi na nguvu zake, subiri ukuta ukauke uone kama kuna doa linajitokeza, hapo ndo utajua hela yako ulimpa nani. Sasa umepita mwaka na miezi miwili, ukuta wangu mkavu, kwaiyo naandika.

Tunakaa Mikanjuni hapa Tanga mjini, nyumba ya mama. Mwaka jana mwezi wa tano mdogo wangu wa mwisho alirudi nyumbani kujifungua, mimba ya kwanza, na kwetu mzazi lazima akandwe asubuhi na jioni siku arobaini, na maji yawe ya moto haswa sio vuguvugu. Anaekanda ni mama mwenyewe, mama ana miaka 71 na magoti yanamsumbua, nikawa najiuliza nani atabeba sufuria la maji yanayochemka kutoka jiko la uani kupita korido mpaka bafuni mara mbili kwa siku, na ile korido ina tailizi zinateleza ukimwaga tone tu. Watu wakisikia hita Tanga wanashangaa, joto lote hili hita ya nini, lakini mwenye mzee ndani au mzazi ndani ananielewa, na isitoshe kusi ikivuma mwezi wa sita na wa saba alfajiri zetu zina ubaridi wake. Mama kwao Lushoto, kule kuoga maji ya baridi hawajui.

Nikanunua hita ya tanki lita 50, laki tatu na themanini, nikaanza kutafuta fundi. Hapa ndo nilipokosea. Sikuuliza mtu aliyefungiwa kitu, niliuliza mtu anaemjua fundi, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Kijana wa boda pale kituoni akasema ninae fundi mzuri, huyo fundi akaja jioni hiyohiyo, mtanashati, maneno mengi, akaangalia bafu kama dakika mbili akasema dada hii kazi ya siku moja, laki na nusu ufundi, nipe laki ya kuanzia na elfu tisini ya vifaa nikanunue mwenyewe wewe usihangaike. Nikampa. Risiti hakuleta na mimi sikudai. Kesho yake akachana ukuta, akapitisha mabomba, akapiga plasta, akabandika tailizi, magharibi haijaingia kazi imekwisha na maji ya moto yanatoka. Mama akamuombea dua.

Siku ya tatu mdogo wangu akashika koki akaruka, anasema inang'ata. Mimi nikagusa nikasikia kama ganzi ya kwenye vidole. Nikampigia fundi akasema dada hiyo kawaida ya hita mpya itaisha yenyewe. Jamani, koki kung'ata sio kawaida ya hita mpya wala ya zamani, ukisikia ganzi kwenye maji zima umeme kwenye breka muda huohuo na usiguse tena mpaka mtu apime, mimi nilikuwa na mjamzito wa miezi 9 ndani na nilimuamini huyo mtu siku nzima nyingine, na hilo linaniuma mpaka leo. Af kuna kile kivalvu kidogo chini ya hita kilikuwa kinadondosha maji kila ikipata moto, nikamwambia hilo nalo, alirudi mara moja tu, akakiziba na plagi akaondoka. Wiki ya pili usiku wa manane tukasikia mlio ukutani, korido imejaa maji, tailizi za bafuni zimetoka zenyewe. Simu yake haikupokelewa usiku ule wala kesho yake wala mpaka naandika hapa.

Aliyenielekeza kwa fundi wa pili ni mama mmoja jirani tunayesali nae, na hakuniambia ni mzuri, aliniambia njoo uone. Akanipeleka bafuni kwake, akanionesha mabomba aliyofungiwa miaka minne nyuma, akanionesha na siling bodi chini ya tanki haina hata alama. Fundi mwenyewe mtu mzima, anaishi upande wa Makorora, anatembea na baiskeli, boksi la vifaa limefungwa nyuma kwa mpira. Tulipatana saa 3 akafika saa 5. Nikaona yaleyale. Akaomba radhi, akasema ada ya kuja kuangalia elfu kumi, ukinipa kazi nitaikata kwenye ufundi, usiponipa ni yangu. Wengine hawapendi fundi anaelipisha kuangalia ila mimi nimekuja kumuelewa, yule wa kwanza aliangalia bure na aliangalia dakika mbili, huyu alikaa saa nzima na nusu.

Kitu cha kwanza hakugusa hita. Alikwenda nje kwenye mita ya maji, akatuambia tufunge koki zote, akachuchumaa anaiangalia. Ilikuwa inazunguka polepole. Akasema mwanangu hapa kuna maji yanapotea sehemu nyingine mbali na hilo bomba lililopasuka maana hilo nimeshalifunga. Akaenda chooni, akaomba rangi yoyote ya kuweka kwenye maji, nikampa rangi ya keki, akatia ndani ya sistani bila kufulashi, baada ya robo saa bakuli la choo likawa jekundu. Floti ya sistani ilikuwa haifungi, maji yanatiririka kimyakimya sijui tangu lini, na bili nilikuwa nalipa nikidhani ni matumizi. Alikibadilisha kile kidude kwa elfu nane. Hii ya rangi mtu yeyote anaweza kufanya mwenyewe nyumbani leo usiku.

Halafu akauliza swali ambalo wa kwanza hakuuliza kabisa. Akasema, maji ya moto mnataka ya kazi gani? Nikamueleza habari ya kumkanda mzazi. Akasema basi nyie hamuhitaji shawa, mnahitaji koki ya kujazia ndoo. Mimi nilishaambiwa na muuza duka kwamba ningechukua ile hita ya shawa ya papo kwa papo ingekuwa rahisi zaidi, nikamuuliza, akanipeleka nje akanionesha tanki letu. Akasema maji ya tanki yanasukumwa na kimo chake tu, kila mita 10 za kwenda juu ndo unapata bar 1 ya presha, sasa tanki lako chini yake iko mita tatu kutoka ardhini, shawa iko mita mbili, umebakiwa na mita moja, yaani bar sifuri nukta moja, zile hita nyingi hata haziwaki kwa msukumo huo. Na zinakula umeme kwa mkupuo, ile ya kilowati 5 na nusu inavuta ampea kama 24, inataka waya wake mnene peke yake kutoka kwenye breka. Hii yako ya lita 50 ina kilowati 1 na nusu tu, inachemsha taratibu. Tulipiga hesabu pamoja kwenye kipande cha boksi, kuyatoa maji lita 50 kutoka joto la kawaida la huku kwetu mpaka nyuzi 60 ni kama uniti 2 kasoro kidogo, unawasha saa moja na robo hivi kisha unazima, kwa bei ya shilingi 356 kwa uniti ni mia saba hivi. Mia saba inamkanda mzazi na mtoto anaogeshwa humohumo. Sijawahi kufafanuliwa kitu cha nyumbani kwangu vizuri namna ile.

Alipochana ukuta ndo tukaona. Mabomba ya maji ya moto yalikuwa PVC ya kawaida ya maji ya baridi, ile ya kubandika kwa gundi. PVC ikikutana na maji ya nyuzi 60 inaanza kulainika, na kile kivalvu kilichozibwa na plagi ndo hasa kilichokuwa kinalinda tanki. Nilikuwa sijui: maji yakipata moto yanavimba, lita 50 zinaongezeka zaidi ya nusu lita, hiyo nusu lita lazima itoke mahali, na inatokea pale kwenye valvu ya usalama. Kudondosha ndo kazi yake. Ukiiziba presha inapanda mpaka itafute sehemu dhaifu, kwetu sehemu dhaifu ikawa ni elbo ya PVC nyuma ya tailizi, na fundi akasema mshukuru Mungu ilikuwa elbo, lingepasuka tanki lenyewe mdogo wako akiwa bafuni tusingekuwa tunaongea hivi. Mama alikuwa amesimama mlangoni anasikia, akakaa chini.

Upande wa umeme hakugusa. Alifungua kifuniko cha hita, akatuonesha waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, unaning'inia haujafungwa popote, ndo maana koki iling'ata, na umeme wenyewe umechukuliwa kwenye laini ya taa ya korido, akafunga kifuniko akasema mimi fundi wa maji, umeme sio wangu, tafuteni mwenye leseni ya EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, au nije na wangu. Akaja na wake kesho yake, kijana mpole, leseni anayo mfukoni hakusubiri kuulizwa, akavuta waya wa milimita za mraba 2.5 peke yake mpaka kwenye breka yake ya ampea 16, akafunga ethi akaipima na mashine mbele yetu. Elfu sabini ufundi, waya na breka tulinunua sisi. Mimi naona hii ndo sehemu iliyonifanya nimuamini yule mzee zaidi ya zote, kuna hela pale angeweza kuila na akasema sio yangu.

Vifaa alikataa kupewa hela mkononi. Aliandika karatasi, kila kitu na idadi yake na saizi, bomba la PPR, ile plastiki inayostahimili maji ya moto, PN20 yaani kiwango chake cha presha, la milimita 20, elbo ngapi, tii ngapi, yunioni mbili, boll valvu mbili, valvu ya usalama mpya, tepu, akasema nenda hadwea unayoitaka, au twende wote. Tulikwenda wote, Ngamiani, tukazunguka maduka matatu. Alikuwa anashika bomba anasoma maandishi ya pembeni kabla ya kuuliza bei. Duka moja walitaka kutupa PN16 wakasema ni ileile tu, akairudisha. Jumla 164,500, risiti ninazo mpaka leo. Ufundi laki na arobaini, tulikubaliana nilipe mara tatu, arobaini siku ya kuanza, sitini akishapima presha, na arobaini ya mwisho baada ya kutumia wiki nzima. Hiyo ya mwisho alipendekeza yeye.

Sasa naomba nikae kidogo kwenye kuunga mabomba maana niliangalia mwanzo mwisho. PPR haibandikwi na gundi, inaunganishwa kwa moto, kuna mashine kama pasi ina vichwa viwili, inapashwa mpaka nyuzi 260, bomba linaingia upande huu na elbo upande ule, vinayeyuka kidogo, unavitoa unavisukumiza pamoja vinakuwa kitu kimoja. Ya milimita 20 inakaa sekunde 5. Alikuwa anahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kila kiungo, na simu yake ikiita hapokei. Nilimuuliza kwani ukizidisha inakuwaje, akachukua kipande cha bomba cha kutupa akakizidisha makusudi, akakikata katikati na msumeno, ndani tundu limejaa plastiki imebaki njia ya kupitisha njiti ya kiberiti. Akasema nje huwezi kuona tofauti, ukuta ukishafungwa maji yanatoka machache na mtu analaumu tanki.

Akamaliza mabomba yote ukuta ukiwa wazi, akafunga pampu ndogo ya mkono yenye saa ya presha, akapandisha mpaka bar 8, akasema sasa hakuna kugusa. Ilikuwa saa 5 asubuhi. Saa 6 na robo mshale umeshuka. Hakusema neno, akapita kila kiungo na kitambaa kikavu, akaipata elbo moja chini ya hita ina unyevu, akaikata akaitupa akaunga upya, akapandisha tena bar 8, akaenda kuswali adhuhuri, akarudi akakuta mshale haujasogea, tukala, bado haujasogea. Ndo akaniita, akasema njoo uone wewe na mama kabla sijaruhusu plasta, piga na picha mabomba yanapopita usije ukapigilia msumari. Zile picha ninazo kwenye simu. Kusema kweli elbo yake iliyovuja haikunishusha imani hata kidogo, kosa lilionekana mchana ukuta ukiwa wazi, sio usiku wa manane ukuta umefungwa na mtu hapokei simu.

Yasiyonifurahisha yapo. Anachelewa, siku tatu alizofanya kazi hakufika hata siku moja kwa muda aliosema, na hana msaidizi kwaiyo kazi aliyoiita ya siku mbili ilikwenda tatu na mdogo wangu alikuwa anahesabu siku zake. Tailizi hafanyi, alivunja nne ikabidi tutafute fundi mwingine wa tailizi, rangi yake hatukuipata, mpaka leo zile nne zinaonekana. Kumpata kwa simu ni shida, mpigie usiku baada ya isha. Mwenye haraka ya leo kwa leo hatampenda.

Mdogo wangu alijifungua salama siku tisa baada ya kazi kuisha, mtoto wa kike. Siku ya kwanza mama anamkanda nilikaa pale nje ya mlango nasikia maji yanaingia kwenye ndoo na mama anapiga bismilahi, akatoka amelowa mpaka kanga lakini anatembea mwenyewe, hajabeba kitu. Siku arobaini zote.

Tangu Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, wauze ile hatifungani ya kijani mwaka 2024, yaani kukopa hela kwa wawekezaji, bilioni 53 na kitu za kupanua mtandao wa maji, mtaani kwetu kila siku unaona mtu anachimba mtaro anavuta bomba, na mafundi nao wameongezeka, ndo maana nasema tu kitu kimoja nilichokiona kwa macho yangu: mwambie fundi utamlipa sehemu kubwa baada ya kupima presha ukuta ukiwa wazi. Wawili niliowaita baadae kwa ajili ya nyumba ya shangazi kule Pongwe waliposikia hivyo mmoja akasema hana pampu ya kupimia, mwingine akasema hakuna haja dada nina uzoefu. Sikuendelea nao.

Mwezi uliopita yule mzee alikuja kuifungua hita kwa ajili ya usafi wa mwaka, alishasema tangu mwanzo kwamba niihesabie mwaka, na mimi nilikuwa nimesahau yeye hakusahau. Akaniuliza maji ya kisima yamewahi kuingia kwenye tanki? Nikasema ndio, mwezi wa pili maji yalipokatika tulichota kwa jirani tukajaza. Maji yetu ya bomba yanatoka mto Zigi, yanashuka huko milima ya Amani yanaingia bwawa la Mabayani, hayana chokaa kama ya visima, visima vya huku vingi viko juu ya mawe ya chokaa, ni mawe yaleyale ya mapango ya Amboni na yaleyale wanayochimba Pongwe kutengeneza saruji. Akachomoa elementi, imevaa ganda jeupe kama la ndani ya birika la zamani. Akailoweka kwenye siki usiku mzima kwenye ndoo, asubuhi limetoka lote kwa brashi. Kuna na kile kijiti cha magineziamu kinachokaa ndani ya tanki, hicho kinaliwa na kutu badala ya tanki, kilikuwa kimebaki nusu, akasema kitasukuma mwaka mwingine tukibadilishe wakati huo, hakuniuzia kipya. Elfu ishirini na tano yote.

Wakati anafunga boksi lake mama akamwambia, baba, nataka maji ya moto na jikoni, mafuta ya samaki hayatoki kwenye sahani kwa maji ya baridi. Akapima kwa futi kutoka bafuni mpaka kwenye sinki, mita sita na nusu, akasema leo naandika tu, hela msinipe. Karatasi iko juu ya friji, Jumamosi tunaenda Ngamiani.